Viti Vitupu, Viti Vilivyojaa: Miaka 100 ya Kutunga Sheria Zanzibar

Mwaka 1926 serikali ya Kiingereza iliunda Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar. Ukihesabu kutoka hapo, Unguja na Pemba zinatimiza miaka 100 ya kuwa na chombo cha kutunga sheria kwa sura moja au nyengine, ukiiondoa miaka 16 ambayo chombo hicho hakikuwapo kabisa. Wazanzibari wengi huanza hesabu yao tarehe 14 Januari 1980, siku Baraza la Wawakilishi lilipokaa kwa mara ya kwanza, na wana haki yao: Baraza la leo halikurithi kiti cha Mwingereza, limetokana na Mapinduzi ya 1964. Hata hivyo naianza habari hii mapema zaidi, kwa sababu swali lililowagonganisha watu 1926 ndilo lililowagonganisha tena 1957, 1963, 1995 na 2016. Nani ana haki ya kukaa ndani? Na nchi inakuwaje pale anapobakishwa nje, au anapoamua mwenyewe kutoka?

Historia ya chombo hiki huandikwa kwa majina ya waliokuwamo: maspika, mawaziri, watoa hoja. Mimi naona inasomeka vizuri zaidi ukiviangalia viti ambavyo havikuwa na mtu.

Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, lakini kwa zaidi ya miaka 20 ya mwanzo iliendeshwa na Wizara ya Mambo ya Nje kule London. Ilipohamishiwa Wizara ya Makoloni, ndipo mwaka 1914 kukaundwa baraza dogo, Sultani Khalifa bin Haroub akiwa mwenyekiti na Balozi Mkaazi wa Kiingereza akiwa makamu wake. Kazi yake ilikuwa kushauri, basi. Baraza la 1926 liliubadilisha mpango huo. Sasa Balozi Mkaazi ndiye aliyekalia kiti cha mbele. Maofisa wa serikali walikuwa wengi, na wasiokuwa maofisa walikuwa sita, wote wa kuteuliwa: Waarabu watatu, Wahindi wawili na Mzungu mmoja. Sheria ziliitwa dikrii, zikatolewa kwa jina la Sultani, na bila ya saini ya Balozi Mkaazi hazikuwa na nguvu. Maofisa walipiga kura kwa kufuata serikali, kwa hiyo hatima ya kila mswada ilijulikana kabla watu hawajakaa.

Waafrika, walio wengi katika visiwa vyote viwili, hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Mpango uliwagawa watu kwa asili zao, ukatoa viti kwa kila asili, kisha ukawasahau wenye idadi kubwa kuliko wote. Hali hiyo ilidumu miaka 20.

Baraza la namna hiyo lingeweza kufanya nini? Jibu lilionekana katika mgogoro wa karafuu. Wenye mashamba walikuwa wamezama katika madeni, na wengi wa waliowakopesha walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi. Mwaka 1934 serikali ikapitisha dikrii za kuzuia mashamba yasihamie mikononi mwa wadai, na nyengine ya kuipa nguvu Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu katika biashara ya zao hilo. Wahindi wakaona wamelengwa wao. Serikali ya India ikamtuma K. P. S. Menon kuja kuchunguza. Ndani ya Baraza wajumbe wao walikuwa wawili. Wangeweza kusema mpaka jioni na kura zikawapita vilevile. Mwaka 1937, Jumuiya ilipozidishiwa mamlaka, wafanyabiashara walisusa kununua karafuu, na chama cha Congress kule India kikaunga mkono mgomo kwa kuwataka Wahindi waache kutumia karafuu ya Zanzibar. Mauzo yakadorora. Mwaka uliofuata serikali ikakaa kitako na wafanyabiashara, ikakubali masharti ambayo mjumbe wa Kihindi asingeyapata kwa hotuba. Nguvu, kumbe, ilikuwa sokoni, na ukumbi wa Baraza ulikuwa mahali pa kuandikisha yaliyokwisha amuliwa kwengine. Kila jamii iliyafahamu hayo, na kila moja ikayakumbuka zamu yake ilipofika.

Mwaka 1946 Sheikh Ameri Tajo aliteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza hilo. Nataka jina lake likumbukwe zaidi kuliko linavyokumbukwa sasa. Alikuwa mtu mmoja katika ukumbi uliojaa maofisa, hakuchaguliwa na mtu, na lugha ya shughuli ilikuwa Kiingereza. Lakini baada yake hakuna aliyeweza tena kusema kwamba Mwafrika hana nafasi pale. Tutakutana naye tena mara mbili.

Mgomo wa kwanza wa viti ulikuja 1954, na waliogoma walikuwa Waarabu. Viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walishitakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya makala zilizochapishwa katika gazeti lao la Al-Falaq. Walikuwa wakidai uchaguzi wa daftari moja, usiojali asili ya mtu, wakati Balozi Mkaazi akitaka viti viendelee kugawanywa kwa jamii. Wakajitoa katika Baraza na katika kamati zote za serikali. Kwa zaidi ya mwaka viti vyao vilibaki vitupu. Mjumbe mmoja, Sultan bin Ahmed al-Mugheiri, aliamua kurudi, na mwaka 1955 akauawa. Hicho ndicho kifo cha mwanzo katika historia ya Baraza kilichosababishwa na mtu kukalia kiti chake. Wakati ule vijana wengi waliuona mgomo kuwa ushujaa. Kwa upande wangu siwezi kuzungumzia ushujaa wa waliotoka bila ya kumtaja aliyelipa kwa roho yake kwa kutaka kuingia.

Serikali ilimleta Walter Coutts kutazama namna ya kupiga kura. Alipendekeza viti sita vya kuchaguliwa kwa daftari moja la wapiga kura, na Julai 1957 Zanzibar ikapiga kura kwa mara ya kwanza. Masharti yalikuwa mazito: mpiga kura awe mwanamme, awe raia wa Sultani, na awe ametimiza kiwango cha umri, mali, kipato au elimu. Wanawake wakawa nje. Masikini wengi wakawa nje. Maofisa wakabaki na wingi wao ndani ya ukumbi.

Pamoja na hayo yote, uchaguzi ule uliitikisa nchi, na jimbo la Ng'ambo ndilo lililotikisika zaidi. Ng'ambo ndiko walikokuwa makuli, mabaharia, mafundi na watumishi wa majumbani, upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga na Mji Mkongwe. Sheikh Abeid Amani Karume, baharia wa zamani na kiongozi wa chama cha Afro-Shirazi, aligombea. Dhidi yake akasimama Sheikh Ali Muhsin Barwani wa Zanzibar Nationalist Party, chama walichokiita Hizbu, msomi na msemaji ambaye yeye na wenzake ndio walioupigania uchaguzi wa daftari moja. Kabla ya kura kupigwa, Karume aliwekewa pingamizi mahakamani kwamba si mzaliwa wa Zanzibar na hana haki ya kugombea. Fikiri uzito wa jambo lile: mtu aliyetaka kuwasemea Waafrika ndani ya Baraza kwanza alitakiwa athibitishe mbele ya hakimu kwamba ni mtu wa hapa. Mahakama iliamua kwa upande wake. Kura zilipohesabiwa, Karume alipata 3,328 na Ali Muhsin 918.

Hizbu haikuambulia kiti hata kimoja. Unguja Kusini ilimpeleka Ameri Tajo, safari hii kwa kura za watu na si kwa barua ya uteuzi. Pemba iliwapeleka Mohammed Shamte na Ali Sharif Musa, waliosimama kwa upande wa Washirazi na baadaye wakaungana na akina Karume. Kiti cha Mji Mkongwe kilikwenda kwa mgombea wa Kihindi.

Muungano ule haukudumu. Mwishoni mwa 1959 Shamte, Ali Sharif na Ameri Tajo walijitenga na Afro-Shirazi wakaunda Zanzibar and Pemba People's Party. Hapo hesabu za viti zikaanza kuwa nyembamba, na wembamba huo haukutoka tena katika siasa za Zanzibar kwa miaka mingi.

Sir Hilary Blood aliletwa 1960 kupendekeza katiba mpya, na Baraza likapewa viti 22 vya kuchaguliwa. Wanawake wakaruhusiwa kupiga kura. Idadi 22 ni shufwa, na katika uchaguzi wa Januari 1961 kosa hilo lilionekana mara moja. Afro-Shirazi ilipata 10, Hizbu 9, chama cha Shamte 3. Kiti kimoja cha Afro-Shirazi, cha Chake Chake, kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Wajumbe watatu wa Shamte wakagawanyika: yeye na mwenzake wakaenda upande wa Hizbu, Ali Sharif akarudi kwa Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11. Hakuna aliyeweza kuunda serikali. Ikabidi iwekwe serikali ya mpito, Pemba iongezewe jimbo moja ili viti viwe 23, na watu warudi vituoni mwezi Juni.

Juni 1961 matokeo yalikuwa Afro-Shirazi 10, Hizbu 10, chama cha Shamte 3, na safari hii watatu wote wakashikamana na Hizbu. Shamte akawa Waziri Kiongozi. Lakini siku ya kura yenyewe vurugu zililipuka mjini na zikaenea mashamba. Watu 68 wakauawa. Naandika idadi hiyo katika historia ya taasisi, na si katika historia ya fujo, kwa sababu vifo vile vilihusu viti vya ukumbi ule. Mtu wa Ng'ambo aliyeona chama chake kikipata kura nyingi kuliko chochote na bado kikabaki nje ya serikali hakuuona ukumbi kuwa wake. Mwenye shamba aliyeogopa kupoteza kila kitu siku Afro-Shirazi itakapopata kiti kimoja zaidi, naye hakuuamini.

Julai 1963 ulifanyika uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru, wa kwanza ambao kila mtu mzima, mwanamke na mwanamme, aliruhusiwa kupiga kura bila ya kuulizwa mali wala elimu. Majimbo yalikuwa 31. Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, asilimia 54, na viti 13. Hizbu ilipata 12 na chama cha Shamte 6, wakaunda serikali kwa viti 18. Kisheria hakukuwa na kasoro. Mwenye majimbo mengi ndiye mwenye serikali. Kura nyingi za Afro-Shirazi zilirundikana katika majimbo machache ya Unguja, na kura zilizorundikana hazizai viti. Tarehe 10 Disemba 1963 Zanzibar ikapata uhuru wake chini ya Sultani Jamshid, na chombo cha kutunga sheria kikaitwa Bunge. Bunge hilo liliishi mwezi mmoja. Alfajiri ya 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi.

Miaka 16 iliyofuata ndiyo ile niliyoitoa katika hesabu hapo mwanzo. Mamlaka ya kutunga sheria na ya kuzitekeleza yaliwekwa pamoja katika Baraza la Mapinduzi, likiongozwa na Rais Karume. Serikali mpya iliahidi kuitisha Bunge la Katiba ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ulipotimia likaahirishwa, na halikuitishwa. Muungano na Tanganyika ulipofanywa Aprili 1964, Dar es Salaam kulikuwa na Bunge la kuuridhia, na Unguja mamlaka hayo yalikuwa mikononi mwa Baraza la Mapinduzi. Ardhi ilifanywa mali ya umma, wakulima wakagawiwa eka tatu tatu, matibabu na elimu vikawa bure. Familia nyingi zilipata kiwanja, nyumba na nafasi ya skuli ambayo zisingeiota chini ya baraza la 1926, na hilo halifutiki. Lakini dikrii zilitoka bila ya mtu kusimama upande wa pili akauliza. Zilianzishwa mahakama za wananchi ambamo wakili hakuruhusiwa kumtetea mshitakiwa. Pangekuwa na mjumbe mmoja tu wa kuuliza swali kwa sauti, na mwandishi wa kuliandika, baadhi ya yaliyotokea miaka ile yangekuwa na rikodi leo.

Karume aliuawa 7 Aprili 1972. Mrithi wake, Sheikh Aboud Jumbe, ndiye aliyeirudisha Zanzibar kwenye utaratibu wa katiba iliyoandikwa. Baada ya Afro-Shirazi na TANU ya Bara kuungana 5 Februari 1977 na kuzaa Chama cha Mapinduzi (CCM), ilitungwa Katiba ya Zanzibar ya 1979, na kwa katiba hiyo likazaliwa Baraza la Wawakilishi. Idris Abdul Wakil akawa Spika wa kwanza. Miaka mitano baadaye akawa Rais wa Zanzibar. Wajumbe wa mwanzo hawakupigiwa kura moja kwa moja na wananchi, walipitia vyombo vya chama. Lakini mawaziri walianza kusimama na kujibu maswali, na bajeti ya serikali ikaanza kusomwa mbele ya watu waliokuwa na haki ya kuuliza fedha imekwenda wapi.

Jumbe mwenyewe aliondoka madarakani Januari 1984 mjini Dodoma, katika kikao cha chama kilichohusu msimamo wake juu ya muundo wa Muungano, kipindi ambacho watu hukiita kuchafuka kwa hali ya hewa. Alimfuata Mzee Ali Hassan Mwinyi, na katika mwaka huohuo ikapitishwa katiba mpya, ya 1984, inayotumika hadi leo pamoja na marekebisho yake. Hii ndiyo iliyoingiza haki za binadamu ndani ya katiba ya Zanzibar na kumpa mwananchi haki ya kumchagua mjumbe wake moja kwa moja. Kwa mujibu wake, Baraza la Kutunga Sheria lina sehemu mbili: Rais kwa upande mmoja na Baraza la Wawakilishi kwa upande wa pili. Wajumbe huingia kwa njia kadhaa. Wapo wa majimbo. Wapo wanawake wa viti maalumu, ambao sasa idadi yao ni sawa na asilimia 40 ya majimbo. Wapo kumi wa kuteuliwa na Rais, wawili kati yao angalau wakitoka upinzani. Na yupo Mwanasheria Mkuu kwa wadhifa wake. Zamani hata wakuu wa mikoa mitano walikuwa wajumbe. Baraza nalo huchagua watano miongoni mwao kwenda kukaa katika Bunge la Muungano Dodoma.

Ukikaa katika roshani ya wageni kule Chukwani, ambako Baraza lilihamia kutoka ukumbi wake wa zamani wa Kikwajuni, unaona mpango ambao hata mtoto wa skuli anaweza kuufuata. Kikao huanza saa tatu asubuhi kwa dua. Hati zinawekwa mezani, kisha huja maswali: barabara ya kijiji imekwama wapi, kisima kilichoahidiwa kiko wapi, kituo cha afya kitapata lini daktari. Waziri hujibu, muulizaji akarudi na swali la nyongeza, na hapo ndipo unapojua waziri yupi anaijua wizara yake. Mswada ukifika, husomwa kwa mara ya kwanza, ukaenda kwa kamati, ukarudi kusomwa kwa mara ya pili na kujadiliwa. Baada ya hapo Baraza zima hugeuka kamati na kuupitia kifungu kwa kifungu, neno likiondolewa hapa, kipengele kikiongezwa pale. Kazi hiyo huchosha na magazeti huiandika kwa nadra, lakini ndiyo kutunga sheria kwenyewe. Kila kitu kinasemwa kwa Kiswahili, ambacho katiba imekiweka kuwa lugha ya Baraza. Mzee wa Makunduchi au bibi wa Wete anamsikia mjumbe wake redioni na haachwi na neno.

Vyama vingi viliporudi 1992, hesabu nyembamba za 1961 zikarudi navyo. Uchaguzi wa 1995 uliipa CCM viti 26 na chama cha upinzani cha CUF 24 katika majimbo 50, Pemba nzima ikienda CUF, majimbo yote 21. Katika kura za urais Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. CUF ilikataa kumtambua Rais, na wajumbe wake wakasusia vikao. Nusu ya ukumbi, kwa hesabu ya karibu, ilikuwa wazi. Muafaka wa kwanza baina ya vyama hivyo viwili ulitiwa saini mwaka 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, lakini uchaguzi wa 2000 ukaharibika, ukarudiwa katika majimbo 16, na tarehe 26 na 27 Januari 2001 damu ikamwagika Unguja na Pemba, na maelfu wakakimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Wajumbe wa CUF waliokataa kuhudhuria walipoteza viti vyao. Muafaka wa pili wa Oktoba 2001 ulifungua njia ya uchaguzi mdogo wa Mei 2003, na Pemba ikapata tena wasemaji wake.

Nimeona watu wakiiandika miaka hiyo kana kwamba ilikuwa ugomvi wa viongozi wawili watatu. Mpemba ambaye jimbo lake halikuwa na mjumbe wakati wa bajeti hakuiona hivyo. Fedha za maji na za skuli ziligawanywa bila ya mtu wake kuwapo mezani. Kususa kulikuwa na sababu zake, na waliosusa waliumizwa kweli. Lakini aliyelipia muda wote alikuwa mpiga kura wa kijijini, na naona haki yake haikusemwa vya kutosha na upande wowote.

Ndiyo maana Januari 2010 ina nafasi ya pekee katika habari hii. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, wakapeana mikono, na nchi ikapigwa na butwaa la furaha. Mkono wa viongozi, hata hivyo, hauna nguvu ya sheria. Kiongozi wa upinzani barazani, Abubakar Khamis Bakary, akawasilisha hoja binafsi ya kutaka wananchi waulizwe kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa. Hoja za upinzani hazikuwa na desturi ya kupita. Hii ilijadiliwa na wajumbe wa pande zote mbili, watu ambao kwa miaka 15 walikuwa hawasalimiani misikitini wala hawazikani, na ikapita bila ya pingamizi. Ikaundwa kamati ya watu sita, watatu CCM na watatu CUF, chini ya uenyekiti wa Ali Mzee Ali, kuusimamia mpango huo. Kura ya maoni ilipigwa 31 Julai 2010 na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Agosti Baraza likapitisha marekebisho ya kumi ya katiba: makamu wawili wa Rais badala ya Waziri Kiongozi, mawaziri kugawanywa kwa kadiri ya viti, na Zanzibar kutajwa ndani ya katiba yake kuwa ni nchi. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo ulikuwa wa tofauti ndogo kama ile ya 1995, CCM viti 28 na CUF 22, na watu wakalala usingizi.

Kwa maoni yangu ndiyo kazi kubwa kuliko zote Baraza hili lililowahi kufanya. Hakuna tume iliyotoka London au Addis Ababa. Wazanzibari walikaa katika ukumbi wao, kwa kanuni zao, wakaliondoa jambo lililokuwa likiwaua.

Miaka mitano ya serikali ya umoja ililichangamsha Baraza kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Kiongozi wa upinzani hakuwapo tena, kwa hiyo wajumbe wa viti vya nyuma, wa CCM na wa CUF, ndio waliogeuka wakosoaji. Waliwabana mawaziri wa vyama vyao wenyewe juu ya ardhi, umeme na mafuta. Mwaka 2012 ikapita sheria ya kupambana na rushwa na uhujumu uchumi. Lakini uhuru huo ulikuwa na ukuta: mjumbe akifukuzwa na chama chake, kiti kinakwenda. Mansoor Yussuf Himid wa Kiembesamaki, aliyesema waziwazi kuwa Zanzibar inastahili mamlaka makubwa zaidi ndani ya Muungano, alifukuzwa CCM mwaka 2013, na wapiga kura wake wakalazimika kuchagua mwengine. Sharti hilo la katiba lingefaa kuangaliwa upya na Baraza lenyewe, kwa sababu linakipa chama sauti ambayo mpiga kura ndiye aliyeitoa.

Uchaguzi wa 25 Oktoba 2015 ulifutwa siku tatu baadaye na mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi. Ulirudiwa 20 Machi 2016, CUF ikasusia, na CCM ikachukua majimbo yote. Sauti za upinzani zilizobaki ukumbini zilikuwa za viongozi wa vyama vidogo walioteuliwa na Rais. Baada ya uchaguzi wa 2020 ACT-Wazalendo, chama alichohamia Maalim Seif, iliingia na viti vichache, naye akakubali kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais katika serikali ya Dk. Hussein Mwinyi. Alifariki 17 Februari 2021. Nafasi yake ikachukuliwa na Othman Masoud Othman, ambaye ukumbi wa Chukwani ulimjua tangu alipokuwa Mwanasheria Mkuu.

Sheria ambazo hazikuwa na kelele za vyama hazitajwi sana, na ni dhulma. Tangu 1985 palikuwa na sheria iliyomfunga jela msichana aliyepata mimba bila ya kuolewa. Mwaka 2005 Baraza liliiondoa na kuweka nyengine isiyompeleka gerezani. Sheria ya Mtoto ya 2011 iliweka wazi wajibu wa wazazi na wa serikali kwa mtoto. Ya 2017 ilizipanga upya Mahakama za Kadhi, ambako wanawake wengi wa Zanzibar hupeleka madai yao ya talaka, matunzo na mirathi. Wanawake ndani ya Baraza, wa majimbo na wa viti maalumu, wanajua walivyoisukuma miswada ya namna hiyo, na ingefaa mmoja wao aandike.

Liko jambo moja ambalo Baraza linaweza kulifanya katika mwaka huu wa 100 kwa gharama ndogo. Majadiliano ya Baraza la Kutunga Sheria la kabla ya Mapinduzi yamehifadhiwa kwa Kiingereza, na anayetaka kuyasoma hupanda Kilimani, kwenye Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu. Hansadi za tangu 1980 ni za Kiswahili. Katikati ya rikodi hizo mbili wanafunzi wetu wa skuli na vyuo wanafundishwa juu ya 1957, 1961 na 1963 kwa masimulizi ya vyama, kila upande na yake, wakati maneno yaliyosemwa siku zile yamelala kwenye majalada. Yatafsiriwe, kuanzia kikao cha kwanza baada ya uchaguzi wa 1957 mpaka cha mwisho cha Bunge la Disemba 1963, yachapishwe, na nakala ipelekwe katika kila maktaba ya skuli ya sekondari, Unguja na Pemba.